Tatu Nyekundu

Siku ya kwanza ya kazi baada ya likizo ya baridi mimi huwa na hofu hata kabla sijapata sababu. Wenzangu wenye ajira wanarudi maofisini, wanapeana mikono, wanamsengenya bosi. Mimi narudi kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na dirisha, navaa sweta mbili na soksi za marehemu baba, nafungua barua pepe, na barua zenyewe hamna. Wiki mbili nzima hakuna aliyenikumbuka. Ndiyo maisha ya mwandishi wa kujitegemea, unajitegemea mpaka unajichoka. Mama mpaka leo akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, anasema, "Yupo tu nyumbani, anabonyeza-bonyeza."

Asubuhi hiyo kwenye simu kulikuwa na ujumbe mmoja, tena wa dada yangu. "Mdogo wangu, leo hatuji. Chiriku ana homa tangu jana. Usihangaike, nampa dawa." Chiriku ni binti yake wa miaka minne. Jina hilo nilimpa mimi, maana akianza kuongea hata redio inaona haya. Nikajibu, "Poleni jamani, mwambie mama mdogo atakuja kesho," nikaweka simu chini.

Kukaa bila kazi siwezi, nikaamua kuomba. Ukiomba kazi lazima upeleke mfano wa ulichowahi kuandika, na mfano wangu bora ulikuwa kazi ya mwisho kabla ya likizo: kipeperushi cha kituo cha afya cha mtaani kwetu, kuhusu kumhudumia mtoto mwenye homa nyumbani. Nilijivunia kweli. Lugha nyepesi, sentensi fupi, kila mzazi anaelewa. Nikafungua faili la awali kwenye kompyuta, nikawa nateremka taratibu huku nikijipongeza, nikafika aya ya nne.

"Mpe dawa ya maji ya kushusha homa, vijiko 3 vya chai, kila baada ya saa sita."

Ile 3 ilikuwa nyekundu.

Hapa lazima nieleze ninavyofanya kazi, maana balaa lilianzia hapo. Nikiwa naandika sipendi kusimama. Nikikosa tarehe au namba naweka chochote, naipaka rangi nyekundu, nasonga mbele. Nikimaliza ndio nawauliza wanaojua. Penye namba siku zote naweka tatu. Kwa nini tatu, hata sijui, mkono umezoea. Siku ile mhariri alikuwa amenikaba koo, anataka maandishi matupu ndani ya barua pepe, bila rangi wala mapambo, kabla ofisi haijafungwa. Nikanakili, nikabandika, nikatuma. Rangi ikabaki kwangu, tatu ikaenda.

Nikakimbilia kabati la bafuni. Mlikuwa na chupa ya dawa ya aina ile ile, niliyoinunua kwa ajili ya Chiriku akilala kwangu. Nikaigeuza kwenye mwanga. Kwa umri wake, kijiko kimoja. Kimoja! Nikakaa chini kwenye sakafu ya baridi na chupa yangu mkononi, nikasema kwa sauti, "Nimeua watoto wa watu."

Utaniuliza, kwani hukukiona kilipochapwa? Nilikiona. Mchapaji aliniletea fungu la nakala kumi, nikainusa ile karatasi mpya, nikaitazama picha ya mbele, nikafurahi, nikasukuma fungu kwenye droo. Sikusoma hata mstari. Sisomi kitu changu kikishachapwa, na waandishi wengi ninaowajua hawasomi. Tunaogopa kukutana na kosa wakati halirekebishiki tena. Tunauita unyenyekevu, kumbe ni woga mtupu.

Nikampigia mhariri.

"Enhe, mwandishi! Heri ya mwaka mpya!"

"Vile vipeperushi viko wapi?"

"Vilishakwenda zamani. Mia sita, kituo kilivichukua kabla ya likizo. Kuna nini?"

"Ile namba ya vijiko. Si sahihi."

Akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunawa mikono, "Sisi tulihariri lugha, bibie. Namba ni za mwandishi." Simu ikakatika, au aliikata, sikujali.

Nikatoka na sweta zangu mbili na viatu vya ndani. Kituo cha afya ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Barabara nzima niliwaza nyumba mia sita. Kila dirisha nililolipita niliona mama nyuma yake, ameshika kijiko, anahesabu kwa makini kama nilivyomfundisha: kimoja, viwili, vitatu. Gari la wagonjwa likapita likilia, nikashika mlingoti wa taa. Mzee aliyekuwa akifungua duka lake akaniuliza, "Vipi, mama, unaumwa?" Nikamwambia hapana. Ningemwambia nini?

Pale kituoni kipeperushi kilikuwa ukutani, juu ya mabenchi. Nikakisogelea huku nimefumba jicho moja. Aya ya nne. Juu ya namba yangu palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi nyeupe, kidogo kama ukucha, na kwa kalamu ya wino: 1.

"Unatafuta nini hapo?" Alikuwa muuguzi mkuu, mwanamke mrefu, miwani kwenye paji la uso.

"Samahani, dada. Hiki kipeperushi... mimi ndiye niliyekiandika."

Akanitazama kuanzia sweta mpaka viatu vya ndani. "Ahaa! Ndiyo wewe! Karibu nikuone. Unajua mimi na mfamasia likizo yetu tumeilia wapi? Hapa hapa, tunakata vikaratasi na kubandika. Mia sita! Gundi imenitoka vidoleni juzi. Hivi nyie mnaandikaga mkiwa mmelala?"

Nilicheka, nikalia, vyote pamoja, mpaka wagonjwa wakageuka. Nikamshika mikono. "Hakuna hata kimoja kilichotoka bila kurekebishwa?"

"Kilichopitia hapa, hakuna." Kisha akaishusha miwani machoni. "Kuna vingine vilivyokwenda kwingine?"

"Hapana. Ni zile nakala zangu kumi tu, ziko ndani ya droo."

Nikasikia nilichosema. Nakala kumi. Chakula cha familia, siku ya pili ya likizo. Mimi nimesimama jikoni kwa dada yangu, najishaua, natoa kipeperushi kwenye mkoba kama mtu anayetoa zawadi, na shemeji anatania, "Haya, leo tuna profesa." Dada anafuta mikono kwenye aproni, anakibandika kwenye mlango wa friji. Droo yangu ilikuwa na tisa. Mungu wangu, akili ya hofu ina ujinga wake. Iliuona mji mzima, haikuiona friji ya dada yangu.

"Chiriku," nikasema.

"Nani?"

"Mtoto wa dada yangu. Ana homa tangu jana."

Uso wa muuguzi ukabadilika, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. "Mlete. Sasa hivi. Na chupa aje nayo."

Dada hakupokea simu. Mtoto akilala yeye huizima mlio. Nilikimbia. Viatu viliniacha kwenye kona ya pili, nikaendelea na soksi za baba. Ghorofa ya tatu nilipanda sijui vipi, nikagonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Dada akafungua, miwani ya kusomea puani, kijiko mkononi. "Wee, taratibu! Ndio kwanza namwamsha nimpe dawa. Una nini, mbona hivyo?"

"Umempa mara ngapi?"

"Mara tatu tangu jana. Ila leo kapooza kweli, hata kuongea hataki..."

"Vijiko vingapi?"

"Si vitatu? Kama ulivyoandika."

Nikampokonya kijiko. Sikumbuki nilimwelezaje; nakumbuka alivua miwani akaiweka juu ya friji, taratibu sana, kisha akamfunga mwanawe blanketi, tukashuka ngazi bila kufunga mlango. Chiriku alikuwa mzito begani kwangu, kimya. Miaka minne sijawahi kumsikia kimya. Nikamwambia, "Niulize kitu, mwanangu. Niulize chochote." Hakuniuliza.

Kituoni walimtoa damu, wakamwekea dripu. Majibu yalichukua saa mbili, na katika saa hizo dada yangu hakunitukana, hakunigusa, hakunitazama. Mimi nilisimama mguuni pa kitanda nahesabu matone. Daktari alipokuja na karatasi yake nilitaka kukimbia.

"Mmemuwahi," akasema. "Ini limeguswa kidogo, litarudi. Tutakaa naye siku mbili tatu. Mngeendelea hivyo mpaka kesho kutwa, ningekuwa nawaambia mengine."

Dada akakaa kitandani. Ndipo akazungumza, bila kuinua sauti.

"Chupa iliandikwa kimoja. Niliiona. Nikamwambia shemeji yako, huyu wa kwenye chupa mimi simjui. Mdogo wangu namjua." Akamlaza Chiriku vizuri. "Ulikisoma kabla hujanipa?"

"Sikukisoma, dada."

Akatikisa kichwa. Jioni Chiriku akafumbua macho, akaangalia miguu yangu, akauliza kwa sauti iliyokauka, "Mama mdogo, mbona huna viatu?" Nikaangua kilio pale pale, cha furaha na cha aibu.

Muuguzi akaja na karatasi ya maelekezo ya dawa mpya, imeandikwa kwa mkono, herufi ndogo. Dada akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akapapasa kichwani kutafuta miwani. Miwani ilikuwa nyumbani, juu ya friji. Tangu macho yake yaanze kumsumbua, asipokuwa na miwani mimi ndiye ninayemsomea, barua za shule, risiti, hata ujumbe wa mumewe. Nikanyoosha mkono.

Aliutazama ule mkono. Kisha akageukia kitanda cha pili, kwa mama mmoja aliyekuwa akimkanda mwanawe, mtu ambaye hatukuwa tumepeana naye hata salamu.

"Samahani, mama," dada yangu akasema, akampa karatasi. "Naomba unisomee hapa."