Maneno ya Utotoni ya Nasimiyu

Nasimiyu alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi karibu na Kibabii. Hadi likizo ya Agosti 1987 alikuwa na hakika kwamba anajua lugha tatu tu: Kibukusu cha nyumbani, Kiswahili cha kazini na Kiingereza cha mitihani.

Likizo hiyo alimtembelea dada yake Kitale. Asubuhi moja alikuwa sokoni akichagua kabeji, na mwuzaji akamwambia mwenzake jambo kwa Kikalenjin. Nasimiyu akainama, akaokota chupa ya maziwa iliyokuwa karibu na mguu wake, akampa yule mwenzake aliyebeba mtoto. Wanawake wote wawili wakamkodolea macho.

"Kumbe wewe ni mtu wetu," mwuzaji akasema.

"Hapana, mimi ni Mbukusu wa Bungoma."

"Na si nimesema tu mtoto apewe maziwa? Umesikia aje?"

Wakamjaribu kwa maneno mengine. Ya mvua na ya serikali yalimpita hivi hivi. Lakini waliposema *chego* alijua ni maziwa, na *lakwet* alijua ni mtoto. Mwuzaji alipomkaripia kama mtoto anayegusa moto, mkono wake ulirudi nyuma wenyewe. Aliondoka bila kabeji, akijiuliza kama ameanza kuchanganyikiwa.

Badala ya kurudi Kibabii alipitia kwa baba yake, Mzee Wabwile, huko Kamukuywa.

"Baba, nani alinifundisha Kikalenjin?"

Mzee aliacha kupukuchua mahindi.

"Mama yako aliugua kifua kikuu ukiwa na miezi minane," akasema. "Akalazwa miaka mitatu. Wakati huo nilikuwa kibarua katika shamba la mzungu huko Trans-Nzoia. Mke wa jirani yetu Mkalenjin, Jepkemboi, akakuchukua. Ulipoturudia hukujua hata neno moja letu. Nyanya yako akasema hutapewa chakula mpaka ukiombe kwa Kibukusu. Ulinyamaza karibu miezi mitatu, ukila tulichokupa kwa siri. Kisha ukaongea vizuri, na sisi tukaona mambo yameisha."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekwambia nini? Ulikuwa umesahau."

Nasimiyu hakulala vizuri wiki nzima. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi kwamba lugha ya kwanza ndiyo mzizi wa mtu. Sasa ya kwake ilikuwa ipi? Ile anayoota ndoto kwayo, au ile ambayo mkono wake unaijua na ulimi wake hauijui?

Kabla shule hazijafunguliwa alirudi Trans-Nzoia, akauliza hapa na pale, mpaka akaelekezwa kwa Jepkemboi. Alikuta kikongwe ameketi kwenye jua, jicho moja lina mtoto wa jicho. Nasimiyu alipojitambulisha kwa Kiswahili, mama huyo alimshika uso kwa mikono miwili, akasema, "Jerono."

Nasimiyu alihisi kwamba ameitwa, ingawa hakukumbuka kuitwa hivyo kamwe.

Jepkemboi akaongea kwa muda mrefu kwa Kikalenjin. Nasimiyu aliambulia neno hapa, neno pale, mengine yakamponyoka. Mwishowe yule mama akajitahidi kwa Kiswahili chake kidogo.

"Mimi ilikuja kuona wewe. Wewe nakwenda, mwaka moja imeisha. Naita wewe, wewe naficha nyuma ya nyanya yako, hapana jibu. Mimi nasema, huyu mtoto imekataa mimi."

"Sikukataa, mama," Nasimiyu akasema. "Nilikuwa sisikii tena unachosema."

Hakujua kama kusahau ni afadhali kuliko kukataa, wala hakujua Jepkemboi ameelewa kiasi gani. Alijikuta analia, na hata kilio hicho hakujua ni cha yule mtoto au ni cha mwalimu.

Likizo ya Desemba alirudi tena, akiwa na daftari. Jepkemboi alimtajia majina ya vitu vya nyumbani moja baada ya jingine. Nasimiyu aliandika, akayatamka kwa lafudhi ya Kibukusu, na wajukuu wa Jepkemboi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mengi yalikuwa mageni kabisa kwake. Machache aliyatamka kabla hajaambiwa, na kila mara alisimamisha kalamu, akashindwa kujua kama amejifunza au amekumbuka.