Miti Saba Iliyokaribishwa Mushaki

Mama Kanyere alikuwa anapima chumvi dukani kwake Mushaki uvumi ulipomfikia: miti ya Buleusa imeshapita Pinga, inakuja, na njiani inaulizia kwa kina Benita. Aliutupa. Kila mteja akaingia nao tena.

Benita, binti yake, alikuwa amerudi juma lililopita kutoka likizo huko Buleusa, ambako Papa Isidore, mjuzi wa miti, alimfundisha kutambua miti ya msituni iliyo ndugu wa avoka, yaani parachichi. Unasugua jani, unanusa, kisha unatazama kama tunda limekaa katika kikombe kidogo.

"Benita, uliiambia nini ile miti?"

"Hakuna kitu, mama. Nilipoijua yote saba, nikaiaga. Nikasema, karibuni kwetu."

"Miti?"

"Si wewe njo ulinifundisha kuaga?"

Ijumaa saa tatu asubuhi miti ikafika, mizizi imejaa matope ya njiani. Ikajipanga katika shamba la maharage bila kukanyaga hata mche mmoja. Majirani walilalamikia kivuli tu. Mama Kanyere akaipelekea maji, maana mgeni ni mgeni, na Benita akapita akisugua majani na kusalimia kila mmoja kwa jina.

Jumamosi Magloire, mchuuzi wa mbao, akaja na mashini yake ya kukatia.

"Mama Kanyere, mule musituni muti iko na karatasi yake ya ruhusa ya kukata. Huku kwa shamba, iko muti tu."

"Hawa ni wageni, Papa Magloire."

"Wageni wanarudiaka kwao. Hawa wamekwisha kuota."

Mama Kanyere akakimbia kwa chefu wa kijiji. Chefu akajibu neno lile lile la Magloire, akiwa amekalia benchi mpya ya mbao za Magloire, iliyonukia jani la avoka lililosuguliwa.

Kufikia saa sita yote saba ilikuwa chini. Ilianguka kwa adabu, katikati ya mistari ya maharage. Benita alinawa mikono mara nne, harufu ikabaki.

Magloire akafunga mzigo, akaegemea pikipiki yake, akamgeukia kwa upole. "Dada Benita, vakansi ijayo utarudia kule? Nitakupeleka na moto yangu, bure."

Jioni ile Mama Kanyere alichukua kalamu, akaandika karatasi, akaibandika mlangoni pa duka, watoto wote waisome:

Usisugue jani mbele ya mwenye mashini.
Usiseme kwa sauti tunda gani liko na kikombe.
Usipande moto ya bure.
Usikalie benchi ya chefu.
Ukiwa msituni, salimia, jifunze, nyamaza. Usiseme karibuni kwetu.