Choo cha Baba Kando ya Mto

Mpini ulinikatikia mkononi saa sita mchana, nikiwa nimepiga goti moja mbele ya choo cha plastiki, jua likinichoma kisogo kama limetumwa. Nilibaki nimeushika, kipande cha kijivu kisichozidi kidole. Hatua kumi nyuma yangu, ndani ya hema, baba yangu alikuwa amelala, midomo imempasuka. Tangu jana asubuhi hakuwa amekunywa maji.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona mtu. Nilijifundisha kutunga mashairi mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya misumari na makopo ya rangi. Hakuna mwalimu aliyenigusa, na hilo nililisema kila nilipompata mtu wa kunisikiliza. Baba aliniita malenga. Hakuwa akinisifu.

Yeye alikuwa mpima ardhi. Nusu ya maisha yake aliilala chini ya turubai, akipima nyika ambazo wengine wangekuja kuziita mitaa. Mwaka ule walimtoa figo moja, na iliyobaki ilikuwa inajikokota. Daktari alisema jambo moja, akalirudia mara mbili: maji, lita mbili na nusu kila siku, bila mchezo, kwa sababu figo ile haikuwa na nguvu ya kuvumilia kiu. Magoti yake nayo yalishakataa kukunjika. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali aliomba kitu kimoja tu, alale hemani siku nne kando ya mto ule alikopiga kambi yake ya kwanza ya kazi.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, hakukubali mpaka alipopata choo cha kubebeka. Aliniita uani anionyeshe. Nusu ya juu ina kiti na bakuli jeupe, nusu ya chini ni tangi la uchafu, na juu ya tangi kuna kifuniko cha kuteleza unachokivuta kwa mpini. Kifuniko kinabanwa na mpira ili harufu isipande. Unatia dawa ya buluu tangini, unalimwaga kabla halijajaa, unalisuuza.

"Mpira ukikauka, unapaka haya," alisema, akinionyesha kichupa. "Haya tu. Mafuta ya jikoni yanauvimbisha. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Nimesema nini?"

"Unapaka hayo."

"Kichwa chako kiko kwenye vina," alisema, na alisema kweli. Siku ya safari nilikuta mkoba umejaa, nikatoa kijifuko chenye kile kichupa, nikaingiza madaftari yangu matatu.

Jirani mwenye gari alitushusha Jumatatu, akaahidi kurudi Alhamisi. Simu hazikushika mtandao. Barabara kuu ilikuwa mwendo wa saa nne kwa miguu.

Siku hiyo ya kwanza baba alikuwa mtu mwingine. Alikaa mlangoni mwa hema akinionyesha kwa fimbo mahali walipoweka alama zao, akanywa maji yake kikombe baada ya kikombe, akaenda mwenyewe kwenye kihema kidogo nilichokisimamisha kukifunika choo na kurudi akipiga mluzi. Kazi ya kukitunza ilikuwa yangu, na niliichukia. Niliifanya nikiwa nimegeuza uso, kama mtu anayepokea matusi. Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, nilihisi kifuniko kimekuwa kizito. Nikachukua chupa ya mafuta ya kukaangia, nikaupaka mpira kote. Kikateleza kama samaki. Nikajipongeza.

Jumanne asubuhi baba alitoka kihemani taratibu, mkono kwenye kiuno.

"Hakifunguki," alisema.

"Umekivuta kwa nguvu?"

"Nimekivuta."

Alikuwa ameshamaliza haja, na yote yalikuwa yamebaki juu ya kifuniko, ndani ya bakuli jeupe, mchana kweupe. Nilileta kopo nikayachota. Nilibana pumzi, nikakunja uso, nikatema mate pembeni. Nilipoinua macho, baba alikuwa bado amesimama pale, ameshika kamba ya kihema. Alikuwa ameniona tangu mwanzo.

Akarudi hemani. Nilimpelekea maji, akapokea. Nilimpelekea tena, akapokea. Kila niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, nami nikashukuru kwamba hakuulizia tena choo, nikashuka mtoni nikatunga beti mbili nilizodhani ni bora kuliko zote nilizowahi kutunga. Sizikumbuki leo, hata mstari.

Jumatano, jua lilipopanda, nilimkuta akizungumza na paa la hema.

"Vuta mnyororo," aliniambia. "Umelegea. Utanipa vipimo vya uongo."

Mnyororo wa kupimia. Alidhani mimi ni msaidizi wake wa miaka thelathini iliyopita. Nilimshika paji la uso, lilikuwa kavu kama karatasi. Nikainama kuokota kikombe, na goti langu likazama kwenye matope. Chini ya kitanda chake cha turubai, upande wa ukutani, udongo ulikuwa umelowa.

"Baba, maji umeyamwaga?"

Macho yake yakanirudia polepole. "Nimekunywa."

"Udongo ndio uliokunywa."

Aligeukia ukuta wa hema. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza ramani, "Nikinywa nitakwenda. Nikienda utakuja na kopo lako."

Nilijaribu kujibu. Nikamwambia nitampeleka kichakani, nitamshika asianguke.

"Nimeongoza watu arobaini porini," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyenishika nikichutama. Sitaanza na wewe."

"Basi nakimbia barabarani nikatafute gari."

"Saa nne kwenda. Saa nne kurudi." Alifumba macho. "Piga hesabu, malenga. Utamkuta nani?"

Nikapiga hesabu. Ndipo nilipokwenda kukivuta kile kifuniko kwa mikono miwili, mguu mmoja nimeukanyagisha kwenye tangi, na mpini ukakatika.

Nilikipiga teke kile choo. Nikakitukana kwa lugha ambayo hakuna shairi linaloibeba. Niliingiza kisu kwenye ufa nikachokonoa mpira, ulikuwa umefura, umejaa mahali pote kama ufizi wenye jipu. Kisu kikateleza kikanikata kidole gumba. Nikakaa chini nikalia, mimi mtu wa kujivuna, nikajifunika mdomo kwa kiwiko ili asinisikie. Kila dakika niliyolia ilikuwa dakika ambayo ile figo inakauka.

Sijui nilitaka kufanya nini nilipofyatua vibanio vya pembeni vilivyounganisha nusu mbili za choo. Labda nilitaka kukitupa mtoni. Nusu ya juu ikanyanyuka mikononi mwangu, nyepesi, na nilipoitazama kwa ndani niliona majani kupitia kwenye tundu la bakuli. Kifuniko kilikuwa mali ya tangi. Mpira ulikuwa mali ya tangi. Huku juu kulikuwa na kiti kizima na shimo lililo wazi.

Nilichukua koleo nikaanza kuchimba nyuma ya hema.

"Unachimba nini?" Sauti yake ilinifikia kupitia turubai.

"Choo."

Nikaendelea kuchimba. Kisha: "Hatua ngapi kutoka mtoni?"

"Ishirini na tano."

"Watu wanakunywa huko chini. Ongeza mara mbili."

Sikubisha. Nilihama nikaanza upya, damu ya kidole ikifanya mpini wa koleo uteleze. Shimo lilipofika magotini niliweka mawe bapa kandokando, nikakalisha kiti juu yake, nikasimamisha kihema. Kisha nikaenda kumleta. Nilitegemea atakataa, lakini alinipa mkono. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Tulikwenda hatua kwa hatua, na tulipofika akasimama, akakitazama kile kiti akiwa amefinya jicho moja.

"Kimelala kushoto."

"Baba, nakuomba."

"Kimelala. Weka jiwe jingine."

Nikaweka jiwe. Akakigandamiza kwa kiganja, kwanza mbele, halafu nyuma. Akatikisa kichwa kukubali.

Niseme hapa, kwa kuwa sitaki kulisema mwishoni: aliishi miezi kumi na minne baada ya siku ile. Figo ilichoka mapema kuliko daktari alivyotabiri. Dada hakuwahi kuniambia kwamba ilianza kuchokea pale mtoni, nami sikuwahi kumuuliza. Tunakutana, tunacheka, tunaulizana hali za watoto wake. Swali hilo tunalipita kama watu wanaopita kando ya kisima kisicho na ukuta.

Nilimgeuza, nikamfungulia mkanda, nikamshusha. Alinikumbatia shingoni ili asidondoke, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto shavu lake liligusa langu. Alipokaa nilitaka kutoka.

"Baki," alisema. "Magoti hayanishiki."

Nikabaki. Nilimshika mabega yote mawili. Turubai la kihema lilikuwa linapumua na upepo. Tulisubiri, na sijawahi kusubiri neno, kina wala sifa kwa moyo kama ule niliosubiri nao sauti ile. Ilikuja kidogo. Ikakatika. Ikaja tena kidogo.

"Rangi gani?" aliuliza.

Niliinama nikatazama michirizi iliyobaki kwenye bakuli jeupe. Nilitazama vizuri, karibu, kama nilivyopaswa.

"Kahawia. Kama chai iliyokolea."

"Mbaya hiyo."

"Mbaya, baba."

Akavuta pumzi, kichwa chake kikiwa kimeegemea tumbo langu.

"Basi lete maji," alisema. "Lete mengi."