Sauti Iliyowekwa Kwenye Jokofu

Mtafiti alikuwa akibadilisha chakula cha seli, kile kimiminika cha rangi ya waridi, shangazi yake alipoingia maabara bila kubisha hodi. Alikuwa ametoka kupigwa picha ya titi katika jengo la pili, na kusubiri majibu kulikuwa kumemchosha.

"Hizo ndizo zangu?" akauliza, akivionyesha visahani kwa kidevu.

"Ndizo, Shangazi. Zilitolewa kwenye uvimbe wako."

"Hebu nisogezee hiyo darubini." Akatazama kwa muda. "Mbona zinasukumana hivi? Hazina adabu?"

Mtafiti akamweleza kama alivyowaeleza wengine wengi. Kila seli ina vipokezi kwenye ngozi yake, mfano wa masikio. Mwili ukitaka seli ikue, unaipelekea ujumbe; kipokezi kinausikia, kinaupitisha ndani, na seli inagawanyika. Seli za shangazi zilikuwa na masikio mengi kupita kiasi, na baadhi yalikuwa yamekwama. Yalisikia "kua, kua" hata pale ambapo hakuna aliyefungua mdomo. Kazi ya mtafiti ilikuwa kutafuta dawa ya kuyaziba.

Shangazi alikuwa amefundisha darasa la kwanza mpaka alipostaafu. Ndiye aliyemlea mtafiti baada ya mama yake kufariki, na hakuwahi kumchapa hata kofi. Hakuwa na haja. Aliinama juu ya darubini, akasafisha koo.

"Haya, imetosha! Kila mmoja akae mahali pake."

Seli zikakaa.

Mtafiti akatazama. Hakuna hata moja iliyokuwa ikigawanyika. Akazitilia kichocheo cha ukuaji, kiasi cha kutosha kuamsha mtaa mzima wa seli, akatazama tena. Zilikuwa zimetulia tuli. Akaandika matokeo, kisha akamwambia shangazi yake aende akale, maana mchana ulikuwa umeshaingia.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuoga, shangazi alisimama mbele ya kioo akaukaripia uvimbe wake. Wa nyumbani ulikuwa mkaidi kuliko seli za maabara, zilizokuwa na heshima ya watoto wa bweni. Lakini ulisikia. Uliacha kukua. Daktari wa wodi aliubonyeza, akasema vizuri, Mama, endelea hivyo hivyo.

Habari zikamfikia Mkurugenzi wa taasisi. Alikuja na wataalamu wake, wakarekodi sauti ya shangazi na kuzichezea seli rekodi hiyo. Seli hazikujali. Ikaonekana kwamba inatakiwa sauti yenyewe, si picha yake. Basi wakamwomba shangazi aongee ndani ya chupa ya kioo. Aliongea mpaka chupa ikajaa, na mtafiti ndiye aliyefunga kifuniko, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko mikono ya wote. Shangazi alipofungua mdomo kuwaaga, hakikutoka kitu.

"Ni kwa wiki moja tu, Mama," alisema Mkurugenzi akimshika bega. "Tukishaipima, tunakurudishia yako."

Wiki ikapita, na mwezi nao. Sauti iligawanywa kwenye vichupa vidogo vidogo, ikasafirishwa kwa ndege kwenda kwa washirika, ikachemshwa, ikachujwa, ikatengenezewa dawa. Iliyobaki ilikaa kwenye jokofu la barafu kali, nyuma ya mlango wenye kufuli. Nyumbani, shangazi aliita watu kwa kupiga makofi. Asubuhi alisimama mbele ya kioo akichezesha midomo, lakini uvimbe haukujua kusoma midomo. Ukaanza kukua tena, na safari hii ulikua kwa pupa, kama mtu aliyecheleweshwa safari yake.

Mtafiti akaenda ofisini kwa Mkurugenzi.

"Shangazi yangu anaihitaji sauti yake."

"Na sisi tunamshukuru mno, Daktari. Ila imeshasajiliwa. Sasa ni mali ya taasisi, hata mimi mwenyewe sina ruhusa ya kuigusa."

"Basi aingizwe kwenye majaribio ya dawa. Dawa yenyewe imetoka kooni kwake!"

"Hilo halina shida kabisa. Aje mbele ya kamati, atamke kwa sauti yake mwenyewe kwamba amekubali. Hatumpi mtu dawa bila ridhaa."

"Hana sauti."

"Hapo ndipo penye ugumu," alikubali Mkurugenzi kwa upole, akamkaribisha kahawa.

Shangazi alikwenda hivyo hivyo. Aliitikia kwa kichwa mbele ya kamati, akaandika "nakubali" kwenye karatasi, akaipigia mstari. Mwenyekiti akasema kuandika kila mtu anaweza kuandika. Wakamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, mmoja akimshikia mkoba. Mtafiti alitembea nyuma yao akiwa amekabwa na hasira kama mwiba wa samaki, haimezeki wala haitemeki.

Siku ya kuizindua dawa, taasisi nzima ilikuwa ukumbini. Mtafiti alivunja kufuli la jokofu kwa mtungi wa kuzimia moto. Chupa ilikuwa karibu tupu. Chini kabisa palibaki sauti ya kujaa kijiko. Akaitia kwenye mfuko wa koti jeupe, akaenda kumkuta shangazi yake, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma, amekonda, mabega yamebaki ncha tupu.

"Ni hii tu iliyosalia," akamnong'oneza akiketi kando yake. "Sentensi moja, tena fupi. Uambie utulie, Shangazi. Utapata siku kadhaa, nami nitajua la kufanya."

Shangazi aliishika ile chupa, akaipima mkononi. Jukwaani Mkurugenzi alikuwa akisema kwamba ushindi huu ni jasho la wengi, akiwaelekezea mkono waliokaa safu ya mbele. Shangazi akafungua kifuniko, akanywa. Kisha akasimama, akasafisha koo.

"Mwizi asimame!"

Ilitoka na moshi wa barafu, ikazunguka ukumbi mzima. Wa kwanza kusimama vizuri alikuwa Mkurugenzi, aliyeacha kuegemea meza ya kuhutubia na kuweka mikono nyuma. Wakasimama wageni wa kampuni ya dawa. Akasimama mwenyekiti wa kamati, na wataalamu wote waliopima, waliochemsha na waliochuja. Walisimama wima, macho mbele, kimya.

Waliokaa nyuma yao, walipoona safu ya mbele imesimama, walidhani wakati umefika. Wakainuka ukumbi mzima wakapiga makofi. Wapiga picha wakapiga picha. Makofi yalikuwa marefu, na Mkurugenzi akainamisha kichwa kuyapokea.

Shangazi akageuka kumtazama mtoto wa kaka yake, akalazimika kuinua uso. Mtafiti naye alikuwa amesimama, mikono nyuma. Alikuwa amesimama kabla ya makofi. Shangazi alimwangalia sana, akampapasa shavu kwa kidole kimoja kilichobaki na baridi ya chupa, akaketi.

Magazeti yaliandika kwamba dawa mpya imepokewa kwa shangwe. Inauzwa nchi nyingi, na wenye uwezo wanapona. Shangazi alizikwa ikiwa bado haijafika hata duka moja la dawa mtaani kwao. Mkurugenzi alikuja mazikoni, akasema maneno mawili matatu. Alisema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache.

Wale waliosimama ukumbini walikaa makofi yalipoisha, na wanakaa vizuri mpaka leo. Magoti ya mtafiti ndiyo yaliyokataa. Anakula amesimama, analala ameegemea kabati, anafanya kazi amesimama. Taasisi haikuliona kuwa jambo kubwa. Walimwinulia meza ya kazi, na kiti chake wakampa mwenzake.