Mita Mia Sita na Thelathini

Mjini walimwita Bwana Sentimita, na hakuna aliyelitoa jina hilo kama sifa. Alikuwa mpima wa ofisi ya ardhi, mwembamba, kalamu sikioni, mtu ambaye akikwambia ukuta wako umevuka mpaka, anza kutafuta nyundo. Ukuta wa bafu la baba mkwe wake mwenyewe aliubomolesha kwa sentimita nane. Mzee wa watu akaoga nyuma ya turubai miezi miwili.

Kitu kimoja tu kilikataa kumtii: saa yake ya mkononi. Miaka minne mfululizo alishiriki mbio za mji za kilomita kumi, na miaka yote minne alimaliza kwa saa moja na ushei. Mwaka mmoja ushei huo ulikuwa sekunde arobaini, akanuna wiki nzima. Zawadi hakuziwaza, hizo waligawana vijana wenye miguu ya swala. Alichotaka ni kushuka chini ya saa moja, mara moja tu, kisha azeeke kwa amani.

Mwaka wa tano barabara ya siku zote ilichimbwa kwa ajili ya mabomba, ikabidi itafutwe njia mpya. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, alitaka kuipima kwa gari lake.

"Mwalimu, gari halipimi," Bwana Sentimita alisema, karibu kuumia. "Gari linakisia."

Akajitolea kuipima mwenyewe kwa gurudumu la kupimia la ofisini. Jioni ya kwanza mvua ilimkatiza mbele ya posta. Akaandika namba daftarini, akatimua mbio nyumbani. Jioni ya pili akaendelea alipoishia, hadi ilipotimia mita elfu kumi, akachora mstari mweupe mbele ya kiwanda cha sabuni.

Siku ya mbio alikimbia kama aliyebebwa. Pale alipozoea kuanza kuona nyota, tayari aliuona umati. Dakika hamsini na nane, sekunde kumi na mbili. Alikaa chini katikati ya lami akalia, mkewe akimfuta uso kwa taulo. Muda si mrefu akaingia mwuza dawa, mtu wa tumbo na maneno, kwa dakika hamsini na tisa na nusu, akaketi kando yake akalia naye. Siku ile nusu ya mji ilivunja rekodi zake. Watu walisema ni hewa ya njia mpya.

Jumatatu ofisini alifungua daftari ili anakili vipimo kwa ajili ya jalada. Jioni ya kwanza, posta: 4,180. Jioni ya pili, kuanzia posta: 4,810.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Namba hazikubadilika. Alikuwa amegeuza tarakimu mbili, basi, kosa la mtoto wa darasa la pili. Kesho yake alfajiri alilisukuma gurudumu njia nzima, polepole, kama anayesindikiza jeneza. Kwenye mstari mweupe lilisoma 9,370.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akamkuta akinywa chai kibarazani.

"Zimepungua mita mia sita na thelathini, Mwalimu. Kosa ni langu. Inabidi tutangaze."

Mwenyekiti alikoroga chai iliyokwisha kukorogeka. "Kijana wangu, watu mia mbili wamefurahi. Unataka nipite nyumba kwa nyumba niwaambie waache?"

"Lakini si kweli."

"Furaha ni ya kweli. Vyeti navyo vimeshapigwa plastiki."

Kwa mwuza dawa ilikuwa mbaya zaidi. Cheti chake kilikuwa kimetundikwa kati ya dawa za kikohozi na za minyoo, mteja asiweze kununua dawa yoyote bila kukisoma.

"Una kijicho," mwuza dawa alisema. "Umeona na mimi nimeshuka chini ya saa, roho inakuuma."

"Mimi mwenyewe najifuta kwenye matokeo!"

"Jifute peke yako."

Nyumbani alimweleza mkewe, akitumaini kuhurumiwa. Mkewe, fundi cherehani, alisimamisha mashine.

"Baba alioga nyuma ya turubai kwa sentimita nane," alisema. "Mita mia sita wewe unakuja kuniambia kamati imekataa?"

Basi akaandika tangazo kwa mkono wake, akalibandika kwenye ubao wa posta. Likakaa siku moja. La pili likakaa nusu saa. La tatu mtu aliandika chini yake, "Pole, pumzika."

Mwaka uliofuata alipima mara tatu, na mara zote ikatoka elfu kumi kamili. Matokeo yake yakawa msiba. Watu walivuka mstari wakitazama saa zao kama waliotukanwa. Mwuza dawa alifika kwa saa moja na dakika sita, akamnyooshea kidole mbele ya kadamnasi: "Ametuongezea njia!" Kamati ilikaa wiki ileile. Kwa kauli moja, kazi ya kupima akakabidhiwa mwuza dawa, mwenye pikipiki na moyo wa kupenda watu. Bwana Sentimita alishukuriwa kwa miaka yake ya huduma, ambayo ilikuwa miwili.

Mwaka wa saba alikimbia hivyo hivyo. Mstari ulikuwa umesogezwa hadi kwenye kituo cha mafuta, na alipoufikia saa yake ilisoma dakika hamsini na nne. Umati ulingoja asimame, ukaona anaupita mstari. Msichana wa medali akamkimbilia, utepe mkononi: "Mzee, umefika! Umefika!"

"Mwacheni," mkewe alisema, taulo begani. "Hajafika."

Alikipita kiwanda cha sabuni, akaipita shule, peke yake barabarani, mapafu yakiwaka. Akasimama kwenye nguzo ya umeme penye mstari wake wa mwaka uliopita, elfu kumi kamili, ambao sasa yeye tu aliujali, akabonyeza saa. Saa moja, sekunde tisa.

Alilitukana gurudumu, akautukana mguu wake wa kushoto. Kisha akaanza kurudi taratibu kwa miguu, akipiga hesabu ya mahali alipozipoteza zile tisa.