Viseri ya Sindano Tano

Jean-Berchmans alikuwa mtu wa kusifiwa kwa shabaha. Pale Nyakabere, nguruwe-mwitu wakivamia mihogo, ndiye aliyeitwa. Bunduki hakuna mkulima wa bonde la Ruzizi aliyethubutu kuishika. Ukikutwa nayo, kila upande wenye silaha utakuuliza wewe ni wa nani. Kwa hiyo aliwinda kwa upinde, tena si wa mti, bali wa chuma wenye puli mbili, vigurudumu vya kupitishia kamba, alioachiwa na bwana shamba mgeni aliyemaliza kazi akarudi kwao. Upinde ulikuwa mzima. Kilichokuwa kimevunjika ni kifaa chake cha kulengea, kile wanachokiita viseri.

Mwaka huo nguruwe walizidi. Shamba la Mama Pétronille, mjane aliyepakana naye, lilifukuliwa mara tatu katika wiki moja. Wakulima wa shirika lao wakachanga dola arobaini, wakamtuma Jean-Berchmans mjini Uvira akatafute viseri nyingine.

Jambo ambalo hawakulijua, na ambalo hata mkewe Félicité hakuambiwa, ni kwamba macho yake yalikuwa yameanza kukataa vitu vya karibu. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo kama wengine, lakini aliimba kwa kukumbuka. Ujumbe wa simu alisema atausoma baadaye.

Huko Rugenge, mtaa wa Uvira, alimkuta Laure, binti aliyeuza vyombo vya mtumba kutoka ng'ambo: baiskeli, raketi, mipira, fimbo za kuvulia samaki. Laure alivuta katoni chini ya meza, akatoa viseri mbili.

"Papa, munapigaka kwa mita ngapi?"

"Kumi na tano. Makumi mbili, kama nguruwe amenishitukia."

"Basi mubebe hii. Iko na sindano moja tu, kichwa yake munene, na duara kubwa ya kusaidia jicho. Dola kumi na tano. Ile ingine ya sindano tano, kila moja na mita zake, iko ya watu wa mashindano, wenye kupiga mbali sana. Mutalipa bei ya bure."

Alisema kweli, na Jean-Berchmans aliijua kuwa kweli. Lakini neno lile "kusaidia jicho" lilimchoma. Vijana wawili walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, naye akaona kama binti huyu amemfunua mbele za watu.

"Weye unazani minye ndiyo naanza leo?" alisema. Akaichukua ile ya sindano tano, nyeusi, inayong'aa, yenye vichwa vya rangi vidogo kama mbegu za mchicha, akalipa dola zote arobaini.

Nyumbani aliifunga, akaijaribu saa sita mchana juu ya shina la mgomba. Mishale miwili ikaingia. Watu wakashangilia. Yeye peke yake alijua kwamba hakuangalia sindano hata moja. Mkono ulipiga kwa mazoea.

Siku ya nne, alfajiri, kukiwa kumeanza kupambazuka, Mama Pétronille alimwita. Nguruwe dume alikuwa katikati ya mihogo. Jean-Berchmans alijongea mpaka karibu, akavuta upinde, akaweka jicho. Vile vichwa vitano viliyeyuka vikawa donge moja la mwanga. Sindano ya shabaha ya karibu ilikuwa ya juu kabisa, hilo alilikumbuka, lakini ya juu ilikuwa wapi? Angeweza kuuteremsha upinde. Nyuma yake, pembeni mwa shamba, majirani walikuwa wanatazama. Akaachia.

Mshale ulipita juu ya mgongo wa nguruwe. Kisha wakasikia mlio mfupi. Mshale ulikuwa umempata Polo, mbwa wa Mama Pétronille, aliyekuwa anamfukuza nguruwe kutoka upande wa pili.

Walipofika, mjane alikuwa amepiga magoti, mkono juu ya shingo ya mbwa. Huyo mbwa ndiye aliyelala mlangoni pake tangu mume wake alipofariki. Hakulia. Alimtazama Jean-Berchmans tu, akingoja aseme.

"Ni hii viseri," alisema. "Yule binti wa Rugenge alituuzia kitu ya kuharibika."

Alidhani yataishia hapo. Lakini asubuhi hiyo hiyo, baada ya kumzika mbwa, Mama Pétronille alijifunga kitenge, akasema, akimwita kwa jina la binti yake kama kawaida, "Twende, Papa Noella. Huyo binti ataniambia mwenyewe."

Mezani kwa Laure mjane hakupaza sauti, na ndiyo maana watu walisogea wasikie. Alisimulia habari ya mbwa. Alisema biashara ya kudanganya wakulima itamfuata mtu hadi kwa watoto wake. Laure aliipokea viseri, akaigeuza, akajaribu kila parafujo. Zote zilikuwa zimekaza. Akamgeukia Jean-Berchmans, akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini:

"Papa, mulipiga na sindano gani?"

"Ya juu."

"Ya juu iko rangi gani?"

Aliishika kama anavyoshika kitabu cha nyimbo. "Nyekundu," alisema.

Ilikuwa ya kijani. Aliliona hilo usoni mwa Laure. Binti akafungua mkoba wake, akatoa dola arobaini na kumpa Mama Pétronille kwa mikono miwili.

"Mutanisamehe, mama," alisema. "Pole ya mbwa."

"Mungu amekuona," mjane alijibu, na watu wawili waliokuwa wakichagua mipira wakaiweka chini, wakaondoka.

Jean-Berchmans aliwatazama wakienda. Binti mdogo kuliko Noella wake alikuwa amemfunika aibu kwa kulichafua jina lake mwenyewe, naye alikuwa amesimama pale akifunikwa.

"Mumurudishie pesa," alisema. "Viseri iko muzima. Minye njo sioni. Tangu mwaka jana sioni vitu vya karibu. Alinionyesha ile ya kunifaa, nikakataa juu ya kiburi. Polo nilimuua minye."

Mama Pétronille aliziweka dola juu ya meza, akamwomba Laure msamaha kwa maneno machache, akamwambia Jean-Berchmans, bila kumtazama, "Hayo utawaambia watu wa shirika mwenyewe." Akapanda pikipiki peke yake.

Laure alimbadilishia, akamrudishia dola ishirini na tano za ziada. Alizipokea akiangalia chini.

Jumapili, baada ya misa, aliwaambia. Wengine walicheka kwa aibu, Félicité akainamisha kichwa. Hawakumnyang'anya upinde, ila waliamua asiachie mshale kabla mtu mwingine hajasema mbele kuko wazi. Naye, aliyekuwa hodari wa bonde zima, alikubali kuongozwa.

Wiki ya tatu alimpata yule dume, kwa sindano ile moja nene. Alimpelekea Mama Pétronille paja zima. Mjane alilipokea, akamshukuru kwa adabu, lakini hakumkaribisha kuketi, na kwa miezi mingi hakumwita tena Papa Noella.