Kobe Aliyeuzunguka Mwezi

"Usimpe hata jani," Haider alisema, akiligonga tungi la kioo kwa pete yake. "Akinya humu mbele ya watoto, nimeumbuka."

Jepchirchir alimkumbatia kobe kifuani. Tangu Jumapili hajala, maskini. Miaka yote aliyofanya usafi katika kijumba hiki cha maonyesho, huku Scarborough, ughaibuni, ni yeye aliyemlisha, akamwogesha maji ya vuguvugu na kumwita Mzee. Chumbani kwake hakuwa na mtu wa kuongea naye.

"Lakini bosi, haki ana njaa. Ona anavyoninusa mkono."

"Dada, kobe wa Warusi nao walinyimwa chakula, wakarushwa, wakauzunguka mwezi kabla ya binadamu yeyote, na wakarudi hai. Huyu wako ni bwana harusi? Akimaliza leo, mchukue kwako moja kwa moja."

Loo! Kwa neno hilo Jepchirchir angemnyima hata maji. Jani la sukuma alilolificha akalisukumia chini kabisa mfukoni. Akamwingiza Mzee tungini, kamba ya tungi ikavutwa, naye akazungushwa, akazungushwa, kuuzunguka mpira wa kijivu uliotundikwa darini kuwa mwezi. Watoto wa shule walipiga makofi. Tungi lilibaki safi.

Mwalimu wao, Jennifer, akauliza kobe wale wa Warusi waliporudi walifanywa nini.

"Walipasuliwa," Haider akajibu, na hapo hapo macho yakamng'aa. "Alhamisi leta wanafunzi wakubwa, tuwaonyeshe ndani ya huyu."

Watoto wakashangilia. Jennifer akasema atawaleta.

Walipotoka, Jepchirchir alikuwa ameshavaa koti, Mzee yumo kikapuni juu ya taulo.

"Unampeleka wapi?" Haider aliuliza.

"Nyumbani. Si ulisema? Ahadi ni deni, bosi."

"Nami nitalilipa. Nilisema umchukue. Nilisema mzima? Alhamisi jioni njoo ubebe gamba lako." Akacheka peke yake. "Kiweke kikapu hapo, ama utafute mwingine wa kukudhamini kibali cha kazi."

Mlango ulikuwa wazi. Jepchirchir aliutazama, akajichukia, akakiweka kikapu chini.

Akaketi sakafuni na koti lake. Jani lilikuwa limenyauka mfukoni; akalitoa, akampa Mzee. Mzee alinyoosha shingo yote, akang'ata, akatafuna bila haraka hadi kikonyo. Lilipokwisha akainyoosha tena shingo, akangoja.